Geto la Futi Kumi kwa Kumi

Chukua tepu ya fundi upime geto lako leo. Kama umepanga mtaani kama wengi wetu, utapata futi kumi kwa kumi, labda kumi kwa kumi na moja kama fundi alikosea kwa faida yako. Hizo ni futi za mraba 100, sawa na mita za mraba tisa na kidogo. Sasa anza kutoa. Kitanda cha tano kwa sita kinakula futi 30. Kochi la watu watatu, ambalo kila mtu analinunua bumu la kwanza likiingia, ni futi saba kwa tatu, yaani 21. Meza ya televisheni sita. Lile kabati la kitambaa la kufunga kwa zipu, sita nyingine. Kona ya ndoo, madumu, beseni, mtungi wa gesi na vyombo, tuseme tatu kwa nne, hizo 12. Halafu kuna mlango. Huo mlango wa futi tatu unaofungukia ndani unafagia robo duara ya futi saba kila unapofunguliwa, na hapo hutaweza kuweka kitu chochote mpaka uhame.

Piga hesabu mwenyewe, zimebaki futi 18. Tena hazijakaa pamoja. Ni vichochoro: kimoja kati ya kitanda na kochi, kingine cha kuelekea dirishani, na kipande cha kuvulia viatu. Katika chumba hicho anaishi mtu anayetarajiwa kuandika ripoti ya utafiti, kusahihisha andalio la somo, kupika, kufua, kulala na kupokea wageni. Ukimuuliza shida yake nini atakwambia, "Chumba kidogo, mwanangu. Nikipata hela nahamia chumba na sebule."

Nataka kubishana na jibu hilo. Chumba na sebule ni kodi mara mbili, na ukienda nacho kwa mtindo huohuo, baada ya miezi mitatu sebule nayo imejaa. Nawajua watu waliofikia hapo. Na siongelei zile video za simu za kupendezesha chumba, karatasi za ukutani zenye picha ya matofali, taa za rangi za kubandika pembeni, zulia la manyoya ambalo vumbi la Tabora litalimaliza kwa wiki moja. Hayo ni mapambo, kila mtu na roho yake. Ninachosema ni kwamba geto letu limebanwa na vitu ambavyo zamani havikuwa vinakaa chumbani, tumeviingiza ndani wenyewe kimoja kimoja, na vingine tukaingiziwa na wenye nyumba.

Tuko Unyamwezini, mifano haiko mbali. Nyumba ya zamani ya huku ilikuwa msonge, duara la miti na udongo lenye paa la nyasi. Ndani mlikuwa na giza na moshi, na eneo lake halikuwa kubwa. Lakini nani alikaa humo mchana? Nafaka ilikaa kwenye kihenge, nje. Wanaume walikula na kuzungumza kwenye shikome, ule moto wa jioni uani, na hapo ndipo vijana walipofundishwa mila, hesabu za ng'ombe na ukoo. Wasafiri waliopita Tabora katikati ya karne ya 19, Richard Burton akiwa mmojawapo, waliandika kuhusu iwanza, nyumba ya pamoja ya kijiji, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, ambamo watu walishinda. Kwa hiyo mtu alikuwa na chumba kidogo cha kulala na sebule kubwa kama kijiji.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipokuja na misafara nao wakajenga tembe. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo lile alilokaa Livingstone mwaka 1872, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Alikaa kuanzia Machi mpaka Agosti. Leo ni makumbusho, na kama hujafika na unasoma mkoa huu, nenda, mbona si mbali. Watu wakifika pale wanapiga picha mlangoni na kuondoka. Mimi naomba uangalie vyumba. Kuta nene za udongo, madirisha madogo, vyumba vya kawaida kabisa. Kilichofanya nyumba ile ionekane ya mkubwa ni baraza mbele na ua katikati. Msafara mzima uliweza kufika, kutua mizigo, kupika na kugombana bila mtu kuingia chumbani kwa mtu.

Na hao wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kutoka Bagamoyo mpaka hapa kwa miezi na mzigo wa frasila mbili hivi begani, kama kilo 32. Mzigo huo ulikuwa wa tajiri. Vitu vyake mwenyewe, mkeka na chungu na chakula, aliviongeza juu yake. Mtu wa namna hiyo alijua kila kitu anachomiliki kina uzito gani. Sisi tukihama geto moja kwenda jingine mtaa wa pili tunakodi kirikuu, na bado inaenda safari mbili.

Basi reli ikaja. Ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza likamalizika 1928. Vituo vya njiani kama Bukene vikawa miji midogo, na katika miji hiyo nyumba zikajengwa kwa ramani ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi mwembamba katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Ramani hiyo ina akili. Kila chumba ni kidogo kwa sababu kila mpangaji anamiliki pia sehemu ya baraza na sehemu ya ua. Ukikodi chumba unakodi na kivuli.

Ukitaka kujua tulipoharibu, angalia nyumba zinazojengwa sasa karibu na vyuo. Ua umekatwa kuongezwa vyumba vinne. Baraza limezungushiwa ukuta likawa duka la M-Pesa. Ukumbi umebaki, lakini umejaa pikipiki. Kodi inatozwa ileile ya "chumba", au zaidi, na mwanafunzi anarudisha ndani kila kilichokuwa nje: jiko, kamba ya nguo, maji, maongezi, kusoma. Halafu anasema chumba kidogo.

Mambo haya nilikuwa nayaona kama kero ya wanachuo tu, mpaka mwaka jana nilipopelekwa mazoezi ya kufundisha Bukene, kwenye shule moja ya sekondari, Julai na Agosti. Tunaosomea ualimu tunajua historia yake. Mwaka 2004 ulianza mpango wa MMES, shule za kata zikaenea nchi nzima, na tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa. Watoto wameingia shuleni wengi, na ni jambo jema. Ila kata ni pana na vijiji viko mbali, bweni halipo au halitoshi. Mtoto wa miaka kumi na tano anapangishiwa chumba karibu na shule. Wanaita geto pia. Neno letu wameshalichukua, pamoja na shida zake.

Niliwagundua wanaoishi mageto kabla sijaambiwa. Ni kwenye daftari. Nilikuwa nasahihisha Kiswahili cha kidato cha pili, mikondo miwili, na kila wiki kulikuwa na madaftari ambayo kazi ya darasani imeandikwa vizuri, mistari imenyooka, na kazi ya nyumbani ya mtoto yuleyule mwandiko unapanda na kushuka kama mtu aliyeandika ndani ya basi la Nzega. Mara nyingine kazi haipo kabisa. Ofisini jibu lilikuwa rahisi: wavivu hao. Mwalimu wa malezi, mama mmoja mtu mzima ambaye amekaa Bukene miaka mingi, ndiye aliyeniambia, "Mwalimu, wale wanaandikia magotini. Jioni twende nikuonyeshe."

Tulikwenda. Wasichana watatu, chumba cha futi tisa kwa tisa. Kitanda kimoja, godoro moja la chini, matranka matatu. Msimu wa mpunga ulikuwa umekwisha na mwenye nyumba alikuwa ameweka magunia yake humo, manane, kwa sababu chumba cha wanafunzi ndicho kilichokuwa na kufuli la uhakika. Zamani mpunga huo ungekuwa kwenye kihenge nje, lakini siku hizi kihenge nje ni kuwawekea wezi chakula. Kwa hiyo binadamu watatu na magunia manane. Walituamkia shikamoo wakiwa wamesimama, maana tukikaa sisi wao hawana pa kukaa.

Hapa naomba tuvute pumzi kidogo, kwa sababu kuna kipimo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi linasema chumba kimesongamana kama kinalaliwa na watu zaidi ya watatu. Hawa ni watatu. Kwa kipimo hicho wasichana hawa hawajasongamana, wako sawa. Magunia hayahesabiwi.

Lakini kilichonishangaza ni jinsi walivyokuwa wamepanga. Hakuna aliyewafundisha. Matranka yalikuwa yamepandishwa moja juu ya jingine, kanga imetandikwa juu. Mabegi ya shule yote yalining'inia kwenye misumari. Dumu la lita tano lilikatwa kichwa na kugongomewa ukutani, ndani yake kalamu, rula, vijiko. Godoro la chini asubuhi linasimamishwa ukutani nyuma ya mlango. Walipika nje, kwenye kibanda cha nyasi cha mama mwenye nyumba. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, sehemu bapa ya kuandikia, na pa kuiweka palikaliwa na mpunga.

Mwalimu wa malezi akazungumza na mwenye nyumba. Hakufoka, alimwendea kama dada kwa dada, mwangaluka kwanza, habari za shamba, habari za wajukuu, ndipo akafika kwenye magunia. Manne yakahamia ukumbini. Manne yaliyobaki yakapangwa ukutani mawili mawili yakawa benchi. Juu ya matofali ya kuchoma tukalaza ubao mmoja mrefu, futi sita hivi, mbele ya benchi hilo, chini ya dirisha. Gharama ni ubao peke yake. Wiki iliyofuata daftari moja lilikuja na kazi ya nyumbani iliyonyooka. Mawili bado.

Ndiyo maana nasema mambo ya nafasi chumbani si ya kuwaachia wapenda mapambo. Sisi ndio tutakaokuwa walimu wa watoto hao, na kama geto letu wenyewe halina meza, tutawaambia nini? Tuanze hapohapo kwenye meza, basi. Kwenye chumba cha mwanafunzi meza inawekwa kwanza, kisha kitanda. Iwe futi nne kwa mbili, ikae dirishani, na dirisha lisizibwe na kabati. Nimeingia mageto mengi ambayo dirisha liko nyuma ya kabati, taa inawaka saa sita mchana, na mwenyewe analalamika kuwa umeme unaisha haraka.

Kitanda cha tano kwa sita kwa mtu mmoja ni anasa, tuambiane ukweli. Cha tatu na nusu kwa sita ni futi 21. Mkiwa wawili, dabodeka inakaa kwenye futi hizohizo 21. Kitanda cha chini kiinue kwa matofali mawili ya bloku kila mguu, yaliyolazwa ubapa, upate nafasi ya tranka, madumu na begi la nguo za sikukuu. Hapo zile kona zenye vurugu zinaingia uvunguni. Kila kinachoweza kupanda ukutani kipande: rafu ya mbao juu ya mlango kwa mabegi ya safari ambayo unayagusa mara mbili kwa mwaka, kamba au bomba la kutundika nguo kwenye kona. Mwenye nyumba akikataza misumari, na wengi wanakataza, rafu ya kusimama inapatikana kwa mafundi seremala kwa vipimo unavyotaka, ndefu na nyembamba.

Rudia ile hesabu. Toa 21 za kitanda, nane za meza, saba za mlango. Zimebaki 64. Na safari hii zimekaa pamoja, katikati. Chumba ni kilekile, kodi ileile.

Hilo la katikati kuwa wazi watu walishaligundua kitambo, kila mmoja kwao. Lamu vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu ya boriti: dari inabebwa na miti ya mikoko, na miti hiyo haivuki pana zaidi ya kama mita tatu, basi chumba kinaweza kuwa kirefu lakini si kipana. Walifanyaje? Walichonga vidaka ukutani, safu kwa safu, hasa kwenye ukuta wa ndani kabisa. Vyombo vikakaa ndani ya ukuta, na jicho likifika pale linaona kina badala ya kugonga ukuta. Wajapani nao wanapima chumba kwa mikeka yao ya tatami. Chumba cha mikeka sita ni mita za mraba kama kumi, yaani karibu sawa na geto letu. Asubuhi godoro linakunjwa na kufungiwa kabatini, chumba cha kulala kinageuka cha kulia na kuzungumzia. Bibi zetu wote walikunja mkeka alfajiri, na aliyechelewa kuamka alikunjiwa nao.

Rangi nayo ina kazi yake. Wenye nyumba wengi wanapaka nusu ya chini rangi ya mafuta ya kahawia au kijani kilichokoza, ili uchafu usionekane, chumba kinakuwa kama ofisi ya mtendaji. Omba ruhusa upake nyeupe. Chokaa ni rahisi, na wengi wanakubali kwa sababu unawafanyia kazi bure. Pazia lianzie juu karibu na dari na liwe jepesi. Neti ya duara ifungwe juu mchana, maana neti iliyoachwa inaning'inia inakata chumba vipande viwili. Kioo ukikiweka upande unaotazamana na dirisha kitakurudishia mwanga. Hayo ya kwenye video mengine ni ya kweli, nakubali.

Najua hoja itakayonijia: makochi. Jamani, mgeni akija akae wapi? Hoja hii siidharau. Kwetu mgeni kukaa kitandani ni aibu, hasa mzazi. Baba yangu alipokuja kunitembelea hawezi kukaa kitandani kwa binti yake, haipo hiyo. Lakini hesabu siku ambazo mgeni wa aina hiyo anakuja kwa muhula. Mbili? Tatu? Kwa siku tatu unalipia kochi futi 21 kila siku ya mwaka, na bado wewe mwenyewe unasomea kitandani kwa sababu kochi limejaa nguo za kufuliwa. Viti viwili vya plastiki vinavyopandana vinampokea mzazi yeyote kwa heshima, na akiondoka vinasimama kona moja kama kimoja. Mkeka mzuri unawapokea wengine wote. Na kama kuna baraza, mgeni wa Kitanzania atafurahi zaidi kukaa barazani apate upepo.

Sasa suala la jiko, na hapa sitanii. Kupikia chumbani kunaondoa nafasi, kunaleta mafuta ukutani na harufu ya dagaa kwenye shati la TP. Hayo ni madogo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Julai huku usiku kuna baridi na upepo, na mtu anaingiza jiko "lipashe chumba joto kidogo" halafu anafunga dirisha. Usifanye hivyo, na mwenzio akifanya mgongee mlango. Mtungi mdogo wa gesi pia si wa kuwekwa kati ya godoro na pazia. Mahali pa jiko ni uani, penye paa.

Mtu ataniambia: uani wataiba. Ni kweli wataiba. Ndiyo sababu kibanda cha jiko kinahitaji mlango na kufuli la pamoja, na mtungi unaweza kuingizwa usiku ukiwa umefungwa vizuri. Masika nayo yanaanza Novemba, na jiko lisilo na paa halipikiki. Kuna na jambo ambalo wanaume wakiandika kuhusu baraza na vivuli huwa wanalisahau: msichana hawezi kukaa barazani saa tatu usiku na kitabu kama kaka yake anavyokaa. Wapita njia watamsumbua, majirani watamsema. Kwa wale watatu wa Bukene mwalimu wa malezi alikataa katakata wasomee nje baada ya magharibi, na alikuwa sahihi. Kwa hiyo nje ninayoitetea mimi ni ya ndani ya uzio, yenye taa, na watu wanaofahamiana. Pasipo hivyo, meza ibaki chumbani, na magunia ndiyo yatoke.

Haya yote huwezi kuyamaliza peke yako na tepu yako. Serikali ya Wanafunzi kila mwanzo wa mwaka inabandika matangazo ya vyumba kwa mwaka wa kwanza: mtaa, kodi, namba ya simu. Haitoshi. Iandike na vipimo vya chumba, dirisha linaelekea wapi, ua upo au umejengwa, jiko liko wapi, taa ya nje ipo au haipo, misumari inaruhusiwa au la. Wawakilishi wetu wanaweza kuzunguka na tepu kwa wikiendi mbili. Mwenye nyumba akiona nyumba yenye kivuli inajaa kwanza, atafikiria mara mbili kabla ya kukata ua wake vyumba vinne. Sasa hivi anakata kwa sababu hakuna anayemuuliza. Sisi tunauliza kodi, tunalipa miezi sita, tunaingiza kochi.

Na walimu wanafunzi mnaokwenda TP mwaka huu, Nzega, Igunga, Sikonge, popote, ombeni kwenda na mwalimu wa malezi kuona wanafunzi wanakolala. Hakuna atakayewapa alama kwa hilo, fomu ya msimamizi haina kipengele chake. Nendeni mapema, kabla ya kuandika maoni mekundu kwenye daftari la mtu.

Kwenye nyumba ninayokaa sasa tumeanza na kivuli. Ua wetu umebaki kipande, kama futi kumi na mbili kwa kumi, karibu na karo. Nimemfuata mama mwenye nyumba nikamweleza: nguzo nne, bati sita, benchi mbili na taa moja. Amesema nguzo anazo, zimelala nyuma ya choo tangu ajenge. Bati tutafute wenyewe. Tuko wapangaji saba, wanne wameshatoa, mmoja anasubiri bumu, na wawili bado wanauliza kama tukihama tutaondoka na bati zetu.